Difu ipi kwa tipa lililogeuzwa kichwa cha tela: 5.73, 4.8, 4.42 au 3.93?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nilinunua tipa la Sinotruk HOWO la nguvu za farasi 371, lenye ekseli mbili za nyuma zinazovuta na giaboksi ya mkono ya gia 10. Nimeondoa bodi ya kumwagia, nimefunga sahani ya tela na gari limekaguliwa. Kazi yangu sasa ni kuchukua mizigo Bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma kwa tela la ekseli tatu, na wakati mwingine kurudi na mbao kutoka Mafinga. Nikijaza, mizani husoma tani 48 hivi. Kibao cha difu kimeandikwa 5.73, matairi ni 12.00R20. Injini inalia sana nikifika kilomita 70 kwa saa na mafuta yanakwisha upesi. Dereva wangu anasema nisiguse difu, la sivyo mlima wa Kitonga utanishinda. Fundi wangu anasema nifunge 4.42. Duka moja la vipuri Gerezani wana 3.93 kwa bei nzuri. Nifuate ushauri upi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kwa kazi uliyoieleza, mimi ningefunga 4.42 katika ekseli zote mbili zinazovuta, na 3.93 ningeiacha dukani hata kama bei yake inavutia. Dereva wako ana sababu ya kuogopa, na nitaeleza hofu hiyo inatoka wapi na kwa nini hesabu haiiungi mkono. Lakini kabla hujatoa fedha yapo mambo ya kupima kwenye gari lenyewe, kwa kuwa kibao cha difu kwenye gari lililokwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa si ushahidi wa kutosha.

Nianze na namba yenyewe. 5.73 maana yake ni kwamba propela shafti, ile inayotoka giaboksi kwenda difu, huzunguka mara 5.73 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwenye malori mengi namba hiyo hupatikana kwa kugawanya meno ya krauni, gia kubwa ya difu, kwa meno ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha, basi. Ekseli za ukoo wa gari lako hupunguza mzunguko kwa hatua mbili: kidogo katikati kwenye krauni na pinioni, na zaidi ndani ya habu ya gurudumu, ambako seti ya gia ndogo hupunguza tena mara 3.478. Krauni ya meno 28 na pinioni ya meno 17 hutoa 1.647, na 1.647 mara 3.478 ndiyo 5.73 yako. Seti ya 4.8 ina meno 29 kwa 21, na ya 4.42 ina meno 28 kwa 22. Fundi asiyezoea ekseli za namna hii akifungua katikati na kuhesabu meno hupata moja na nusu na ushei, akadhani ameletewa difu ya gari dogo. Kwako jambo hili lina faida, kwa sababu kutoka 5.73 kwenda 4.42 kunabadilisha sehemu ya katikati tu, na gia za habu zinabaki zilivyo.

Kuhakiki namba hiyo hakuhitaji kufungua kitu. Gari likiwa na mzigo na matairi yana upepo wa kawaida, weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma na sakafuni, sogeza gari mizunguko mitano, pima umbali kwa futi ya kamba kisha gawanya kwa tano. Kwa 12.00R20 utapata takribani mita 3.4 kwa mzunguko mmoja. Baada ya hapo mwambie dereva aendeshe kwenye barabara tambarare katika gia ya 10, ambayo kwenye giaboksi yako ni ya moja kwa moja, yaani 1.00, ashikilie mizunguko 1,600 kwa dakika, nawe usome kasi kwenye simu yenye ramani ya setilaiti wala si kwenye dashibodi. Zidisha mizunguko kwa mita 3.4, zidisha kwa 60, kisha gawanya kwa kasi iliyogeuzwa kuwa mita kwa saa. Simu ikisoma kilomita 57, jibu ni 5.73 na kibao kimesema kweli. Ikisoma 68, tayari una 4.8 na malalamiko yako ya mafuta yana chanzo kingine kabisa. Ninalisisitiza hili kwa sababu ekseli za kubadilishana ni kitu cha kawaida kwenye gereji zetu, na mwenye gari mara nyingi huwa wa mwisho kujua.

Sasa tuchukulie kwamba ni 5.73 kweli. Sheria ya Tanzania inaliruhusu gari zito kwenda hadi kilomita 80 kwa saa nje ya makazi. Kwa matairi yako, kasi hiyo katika gia ya 10 inadai mizunguko 2,247 kwa dakika, wakati injini yako inatoa nguvu zake zote kwenye 2,200. Yaani gari halina gia ya kufikia kasi halali ya barabara kuu bila kuilazimisha injini kupita kikomo chake. Kwa kilomita 70 ni mizunguko 1,966, na huko ndiko kelele unazozisikia zinakotoka. Ukifunga 4.8, kilomita 70 zitadai 1,647, kwa 4.42 ni 1,517, kwa 3.93 ni 1,348. Injini hii hutoa msokoto wake mkubwa kabisa, yaani nguvu ya kuzungusha, takribani Nm 1,500, kati ya mizunguko 1,100 na 1,600, na hapo ndipo inapofanya kazi kwa raha.

Kelele ni dalili, ila hasara iko kwenye mafuta. Ili kuvuta tani 48 kwenye tambarare kwa kilomita 70, injini inatakiwa kutoa takribani kilowati 109 kushinda upepo na uzito wa matairi kujiviringisha. Nguvu hiyo ni ileile uwe na difu ipi. Kwa 5.73 injini huitoa ikizunguka mara 1,966 kwa msokoto wa Nm 530 hivi, yaani inakimbia sana huku ikibeba kidogo, na sehemu kubwa ya dizeli inaishia kwenye msuguano wa ndani wa pistoni, beringi na pampu zake. Kwa 4.42 inatoa nguvu ileile kwa mizunguko 1,517 na msokoto wa Nm 690, na msuguano unapungua. Usitarajie miujiza, lakini. Nafuu hii utaiona Chalinze hadi Morogoro, Mikumi, na sehemu tambarare za Makambako hadi Igawa. Mlimani hutaiona kabisa, kwa sababu kupandisha tani 48 hadi Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kunadai dizeli ileile kwa difu yoyote. Kama nozeli zimechoka au chujio la hewa limeziba, difu mpya haitakuokoa.

Tuje Kitonga, ambako ndiko dereva wako aliko kwa mawazo. Hofu yake imejengwa juu ya imani iliyoenea, kwamba difu yenye namba kubwa huliongezea gari nguvu mlimani. Difu haina nguvu ya kuliongezea gari. Nguvu inatoka kwenye injini, na kasi ya kupanda mlima huamuliwa na nguvu hiyo ikigawanywa kwa uzito na mwinuko. Tuchukue mwinuko wa asilimia 8 kama mfano. Tani 48 kwenye mwinuko huo, pamoja na ukinzani wa matairi, zinaivuta gari nyuma kwa takribani kilonyutoni 41. Injini ya farasi 371, baada ya kutoa kinachopotea kwenye giaboksi, difu na habu, inafikisha barabarani kilowati 237 hivi. Ukigawanya unapata kilomita 20 kwa saa na ushei. Hiyo ndiyo kasi ya juu kabisa ya gari lako mahali hapo, uwe na 5.73, uwe na 3.93. Kinachobadilika ni namba ya gia utakayokuwa umeshika wakati unapanda.

Hapa ndipo giaboksi yako ya mkono inapoingia, na hapa ndipo uamuzi wote ulipo. Gia zake 10 ni 14.28, 10.62, 7.87, 5.88, 4.38, 3.27, 2.43, 1.80, 1.34 na 1.00. Gawanya gia yoyote kwa inayofuata na utapata karibu 1.34 kila mara. Zimepangwa kama ngazi yenye vidato vilivyolingana. Sasa gawanya 5.73 kwa 4.42: unapata 1.30, karibu kabisa na kidato kimoja. Kwa hiyo kubadilisha difu kwako ni sawa na kuisogeza ngazi nzima kidato kimoja: gia mpya ya 9 itafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na ya 10, ya 5 mpya itafanya kazi ya 6 ya zamani, ya 2 mpya itafanya kazi ya 3 ya zamani, na juu yake utapata gia ya 10 ambayo hukuwa nayo kabisa. Unachotoa kama malipo ni gia ya 1 ya zamani. Basi muulize dereva wako swali moja: akiwa na mzigo kwenye lami, huondoka na gia ya ngapi? Nina hakika atakujibu ya pili au ya tatu, kwa sababu gia ya kwanza kwenye difu ya 5.73 ilitengenezwa kwa tipa linalotoka ndani ya shimo la kifusi. Unauza gia usiyoitumia na kununua unayoihitaji kila siku.

Kwenye mwinuko ule wa asilimia 8, gari lenye 5.73 litapanda kwa gia ya 6, injini ikizunguka mara 1,837 kwa dakika kwa kasi ya kilomita 20. Lenye 4.42 litapanda kwa gia ya 5, injini ikizunguka mara 1,898. Tofauti ya mizunguko 60 hata sikio la dereva halitaitambua. Lakini ipo tofauti nyingine ambayo watu hawaihesabu, nayo ni ya mwenye giaboksi ya mkono peke yake. Giaboksi yako si gia 10 zilizopangwa moja baada ya nyingine. Ni gia tano zinazotumika mara mbili, kundi la chini kuanzia ya 1 hadi ya 5 na kundi la juu kuanzia ya 6 hadi ya 10, na kati ya makundi hayo kuna swichi ya upepo. Kushuka kutoka ya 6 hadi ya 5 kunahitaji kushusha swichi, kupeleka mkono upande wa pili wa giaboksi na kungoja upepo ufanye kazi yake, na gari lenye tani 48 kwenye mwinuko halimngoji mtu. Sasa fikiria Kitonga, ambako mwinuko hubadilika na kona hazina subira. Gari la 5.73 linashika gia ya 6, mwinuko unaongezeka hadi asilimia 10, na sasa lazima ashuke ya 5, kuvuka makundi hasa mahali pabaya. Akichelewa, kasi inakufa na analazimika kusimama na kuondoka upya katikati ya mlima huku foleni ikijipanga nyuma yake. Gari la 4.42 limeingia mlimani tayari likiwa kwenye kundi la chini. Mwinuko ukiongezeka linashuka kutoka ya 5 hadi ya 4 kwa mkono mmoja, bila swichi. Kwa maneno mengine, difu ambayo dereva wako anaiogopa ndiyo itakayompunguzia kazi Kitonga, mradi akubali kuvuka makundi mapema kwenye tambarare, kabla mlima haujaanza.

Kuhusu kuondoka na mzigo, hesabu inaridhisha pia. Tukisema klachi inapokamata injini hutoa Nm 1,000 tu, gia ya 1 na difu ya 4.42 hufikisha barabarani kilonyutoni 103 hivi. Ekseli mbili zinazovuta zikibeba tani 18, tairi kwenye lami kavu hushika takribani kilonyutoni 106 kabla ya kuanza kuteleza. Maana yake ni kwamba 4.42 tayari inakaribia kikomo cha tairi, na ile 5.73, yenye uwezo wa kilonyutoni 133 kwa msokoto uleule, inakupa ziada ambayo lami haiwezi kuipokea. Hata kusogea polepole bandarini hakutakuwa na shida: kwa mizunguko 600 ya sailensa, bila kukanyaga mafuta, gia ya kwanza na 4.42 husogeza gari kwa chini ya kilomita 2 kwa saa, polepole kuliko mtu anayetembea. Kinachoweza kuua klachi ni mazoea. Dereva akiendelea kuondoka na gia ya 3 kama zamani, atakuwa anaondoka na kile kilichokuwa gia ya 4, na klachi italipa. Mwambie tangu siku ya kwanza: kwa mzigo, ondoka na ya 2, kwenye mwinuko, ya 1.

Kwa nini basi nisiende mbali zaidi na kuchukua 3.93, ikiwa mlima hauniogopeshi? Kwa sababu njia yako haina Kitonga tu. Sehemu ndefu kati ya Iringa na Mbeya ni vilima vya pole ambavyo macho hayavioni lakini injini inavihisi. Nimepiga hesabu ya mwinuko ambao gari lako na tani 48 linaweza kuupanda bila kuondoka gia ya 10. Kwa 5.73 ni karibu asilimia 2, kwa 4.8 ni asilimia 1.5, kwa 4.42 ni asilimia 1.3, na kwa 3.93 ni asilimia 1 tu. Asilimia 1 ni mteremko wa maji kwenye uwanja. Dereva mwenye 3.93 atakuwa akishuka ya 9 na kurudi ya 10 kutwa nzima, na kwa giaboksi ya mkono kila badiliko ni mguu wa klachi, ni kasi iliyopotea, na ni uchovu. Baada ya muda ataacha kubadilisha. Atabaki kwenye ya 9, na hapo atakuwa na uwiano wa 5.27, yaani amerudi karibu kulekule ulikotoka. Au, vibaya zaidi, ataiachia injini ikikoroma katika ya 10 kwa mizunguko 1,000 huku kanyagio limefika chini, na injini inayoendeshwa hivyo haitadumu. Namba ya 3.93 inafaa injini ya farasi 440 au zaidi, au mzigo mwepesi kuliko wako, au nchi tambarare.

Ile 4.8 ambayo hukuitaja inastahili kuzingatiwa kuliko 3.93. Kiwandani, vichwa vya ukoo huu hutoka mara nyingi na 4.42 au 4.8, na matipa ndiyo yanayopewa 5.73, kwa hiyo zote mbili si ubunifu wa gereji. Kwa kilomita 80, 4.8 inadai mizunguko 1,882, bado juu kidogo kwa ladha yangu, lakini kwa dereva anayetembea kilomita 60 hadi 65 ni difu nzuri sana. Umesema hurudi na mbao za Mafinga. Kama mbao hizo unazipakia kwenye yadi zilizo kando ya lami, 4.42 inatosha. Kama kichwa hiki ndicho kinachoingia misituni Mufindi wakati wa masika, kikivuta tela kwenye utelezi na vilima vifupi vikali, au kama unafikiria kazi ya makaa ya mawe upande wa Ruvuma, chukua 4.8 na usijute. Kasoro yake moja ni kwamba haisogezi ngazi ya gia kidato kizima bali nusu, hivyo kwenye mwinuko wa asilimia 8 gia ya 6 inakuwa ndefu kidogo isiweze kuvuta, na ya 5 inapanda ikizunguka mara 2,060. Inapanda, ila kwa kelele.

Kabla ya kuagiza, amua matairi kwanza. Wengi wanaogeuza tipa kuwa kichwa huacha 12.00R20 ya mpira wa ndani na kwenda 315/80R22.5 isiyo na mpira. Tairi hiyo huviringika takribani mita 3.28 kwa mzunguko, pungufu ya asilimia 3.5 hivi, na difu ya 4.42 juu yake itafanya kazi kama 4.58 juu ya matairi uliyo nayo sasa. Kwangu hilo lingeongeza sababu ya kuchagua 4.42 na kuiacha 4.8. Vilevile, kama siku moja utabadilisha giaboksi, usiihamishe namba ya difu kichwani bila kufanya zidisho. Giaboksi ya ZF ya gia 16, kwa mfano, hutoka kwa namna mbili: moja huanzia 16.41 na kuishia 1.00, nyingine huanzia 13.80 na kuishia 0.84. Kwa ile ya pili, difu ya 4.8 katika gia ya juu ni 4.03 tu. Kinachoendesha gurudumu ni zidisho la gia na difu, kamwe si difu peke yake, na ndiyo maana ushauri wa rafiki mwenye lori la aina nyingine unaweza kuwa wa kweli kwake na wa uongo kwako.

Upande wa kushuka unahitaji tahadhari kubwa kuliko wa kupanda. Ukirudi Dar es Salaam na mzigo utaishuka Kitonga, na breki ya egzosi hupata nguvu zake kutokana na mizunguko ya injini. Kwa difu mpya, gia iliyokuwa ikilishika gari vizuri sasa italiachia zaidi, hivyo dereva lazima ashuke kwa gia moja chini ya aliyoizoea. Ya 5 itampa mizunguko karibu 1,900 kwa kilomita 20. Ya 4 itafika 2,200 kwa kilomita 17 tu, kwa hiyo ni lazima aishike kabla mteremko haujaanza. Akijaribu kuiingiza katikati, gari likiwa na kasi, gia itakataa na atajikuta kwenye nyutro na tani 48 mgongoni. Mafunzo haya mpe kwa safari moja ukiwa naye kwenye kiti cha pembeni, na ikiwezekana na nusu ya mzigo.

Na dashibodi nayo itamdanganya. Kwenye gari lako kasi husomwa kutoka kwenye giaboksi, si kwenye gurudumu, kwa hiyo haitajua kwamba difu imebadilika. Baada ya kufunga 4.42 bila kurekebisha, dashibodi ikisoma 62 utakuwa unakwenda 80, na dereva anayepita kijijini akiamini anakwenda 50 atakuwa anakwenda karibu 65. Mbali na faini za tochi, huko ndiko watoto wanakogongwa. Rekebisho hilo lifanywe siku ileile ya kufunga, likaguliwe kwa simu barabarani, na gari lisipewe mzigo kabla.

Kuhusu ufungaji, jambo la kwanza ni kwamba ekseli zote mbili lazima ziwe na uwiano mmoja. Nimesikia mafundi wakisema 4.42 kwenye ekseli ya nyuma na 4.8 kwenye ya katikati si mbaya kwa sababu kati yake kuna difu ya kugawa. Difu hiyo ya kugawa iliwekwa kwa ajili ya kona na tofauti ndogo za matairi. Ukiilazimisha kufanya kazi kila mita kutoka Dar hadi Tunduma itaungua, na siku dereva atakapoifunga ili atoke kwenye matope, ekseli mbili zitapigana hadi kitu kivunjike. Jambo la pili, krauni na pinioni huuzwa kama jozi zilizosagwa pamoja na kupigwa namba moja. Jozi yenye namba mbili tofauti irudishe. Na usinunue jozi mbili zinazofanana ukidhani umemaliza, kwa kuwa ekseli ya katikati, ambayo hupitisha nguvu kwenda ya nyuma, hutumia seti yake. Peleka namba za vipuri za ekseli zote mbili dukani. Fundi apake rangi kwenye meno ya krauni, azungushe, na akuonyeshe alama ya mguso ikiwa katikati ya jino. Asiyetaka kukuonyesha alama hiyo asifungue difu yako. Kwa kuwa sasa utapanda kwa gia ya chini zaidi, propela shafti na viungo vyake vitabeba msokoto mkubwa kuliko zamani kwa kazi ileile, hivyo kiungo chenye mchezo kibadilishwe sasa. Tumia oili ya difu ya daraja la GL-5, katikati na kwenye habu, safari ya kwanza iwe na mzigo mwepesi, usimame Chalinze na Morogoro kugusa kila difu kwa mkono, na oili hiyo ya kwanza uimwage mapema, kwa sababu itakuwa na unga wa chuma wa meno mapya.

Ukienda Gerezani na ukakuta seti nzima ya 4.8, ya katikati na ya nyuma, ikiwa safi na namba zinalingana, huku 4.42 iliyopo ni ya ekseli moja tu na nyingine unaahidiwa itakuja wiki ijayo, chukua ile 4.8.